Chale za Tavita na Chale za Susu

Harufu ya masizi hunichafua roho. Nikisugua sufuria iliyopikiwa kwenye kuni, ule weusi ukalainika kwa maji na kunipanda puani, huwa nakumbuka mapaja ya mwanamume aliyeitwa Tavita, na mdomo wangu mwenyewe, ambao natamani ungeshonwa mwaka ule. Nawaambia ninyi, kwa sababu wale niliokuwa nao wakati huo hawastahili kuambiwa.

Nilikuwa na miaka kumi, nikiishi karibu na Mitaboni kwa Susu, yaani nyanya yangu mzaa baba. Kanisa letu lilikuwa na karakana ya kufundishia vijana useremala, na siku moja akaletwa mwalimu kutoka Samoa, visiwa vya mbali katika Bahari ya Pasifiki. Mwalimu wetu wa shule alivitafuta kwenye ramani hadi kengele ikalia, akaishia kutuonyesha maji. Tavita hakuwa Mzungu, hakuwa Mhindi, wala hakuwa kama sisi, na watu walikosa pa kumweka. Alikuwa mpana kama ghala, mpole, mwenye Kiswahili cha kuokoteza. Vijana walimpenda kwa sababu milango aliyowafundisha kutengeneza ilifungika.

Shangazi Ndinda hakumpenda. Huyu alikuwa dada mkubwa wa baba, kiongozi wa akina mama wa kanisa, mtu wa kuomba kwa muda mrefu na kupakua chakula kidogo. Alizungumza na Mungu kama mtu anayempangia kibarua kazi za siku.

Mvua za Novemba zilipofika, punda wa Shangazi, akiwa na mitungi minne mgongoni, alinasa kwenye tope la mto. Wanawake walipiga kelele ukingoni bila kuloa hata kidole. Tavita akaja mbio kutoka karakana, akavua suruali akabaki na bukta fupi, akaingia mpaka kiunoni, akakata kamba za mitungi na kumsukuma punda kwa bega hadi akatoka. Naye mwenyewe alipotoka, kelele zilikatika. Kuanzia kiunoni hadi magotini alikuwa mweusi tititi, hata nikadhani amevaa suruali nyingine ndani. Kisha nikaona mistari, ncha kama za mikuki, na vijino vidogo vilivyopangwa kama mshono wa fundi stadi.

Shangazi alishika kamba ya punda wake akaenda zake, bila asante. Kabla ya jioni kijiji kizima kilijua kwamba mwalimu wa useremala ameandikwa na shetani.

Nami? Kesho yake nilichukua masizi ya sufuria, nikajichora mapaja, nikatembea nimetoa tumbo mbele kama yeye huku wenzangu wakigaragara kwa kicheko. Tulikuwa nyuma ya karakana, na yeye alikuwa amesimama dirishani. Akatoka. Hakukasirika. Alichuchumaa, akanitazama miguu kama anavyotazama kazi ya mwanafunzi, akasema, "Umesahau mtumbwi."

Akachora mchangani kwa kijiti. Mtumbwi hukaa kiunoni, mgongo mzima, kwa maana wazee wake walifika kwao kwa mitumbwi. Chini yake ni mistari kama mapau ya paa, kwa kuwa mwenye chale hizi anapaswa kubeba nyumba ya watu wake. Kuna za tandu, na jina la kazi yote ni jina la popo mkubwa anayekula matunda, ambaye mabawa yake humfunika mwili. Ya mwisho huwekwa kitovuni. Alisema huchanjwa kwa kitana cha jino refu la nguruwe kilichochovywa kwenye wino wa masizi, kikigongwa kwa kijiti, siku baada ya siku, huku ndugu wakivuta ngozi na kuimba. Anayeshindwa katikati huishi na aibu.

Nilimpelekea Susu habari hizo ili acheke. Hakucheka. Aliniambia nimlete.

Alikuja saa tisa alasiri, akaketi jikoni kwenye kigoda kilichopotea chini yake. Susu hakujua ila Kikamba, kwa hiyo mimi ndiye nilikuwa mkalimani. Alimuuliza palimuuma wapi zaidi. Tavita akagusa kitovu, na Susu akacheka cheko ambalo sikuwahi kulisikia, la msichana. Kisha akafungua leso yake.

Chale zake nilizijua. Nilikuwa nikimsugua mgongo akioga, na nilizionea haya. Zilianza chini ya matiti zikashuka hadi kitovuni, safu kwa safu, zimeinuka kama matuta ya mahindi. Alisema alichanjwa kwa ncha ya mshale akiwa msichana, zikapakwa masizi na mafuta ya mbarika. Tavita akauliza maana yake. Susu akaeleza kwa muda mrefu, kidole chake kikishuka safu moja moja. Mimi nilikuwa nimechoka, tena nina aibu. Nilifikiria wenzangu wangesema nini.

"Anasema ni mambo ya ushamba tu," nikatafsiri.

Tavita alinitazama, akamtazama Susu ambaye alikuwa bado anahema kwa kusema. Akainamisha kichwa.

"Mwambie asante," akasema. "Hata kwa yale uliyoacha."

Jumapili baraza la kanisa lilikutana, wanaume sita wenye tai na Shangazi. Waliniita. Shangazi akauliza kwa sauti tamu Susu na Tavita walifanya nini jikoni. Watu wazima walikuwa hawajawahi kunisikiliza, na ile hali ilinilevya. Nikasema Susu alifungua leso akamwonyesha mwili wake. Mmoja akaguna, nikaongeza kwamba walicheka. Kila nilichosema kilikuwa kweli, na chote kilikuwa uongo.

Wakamuuliza Tavita, aliyekaa karibu na mlango, mikono magotini, kama ni kweli.

"Ni kweli," akasema. "Mama alinionyesha heshima yake."

Katibu akaandika kwamba amekiri. Siku tatu baadaye aliondoka na sanduku lake la vifaa.

Januari mwalimu mpya aliingia, mkwe wa Shangazi, mtu ambaye hakuweza kutundika mlango usikwaruze sakafu. Shangazi alimnunulia Susu, mama yake mzazi, gauni la vifungo hadi shingoni, akaliombea tumbo lake adhuhuri nzima, kwa sauti, kama mtu anayefukuza panya. Susu alivumilia. Usiku haukuingia kabla hajaniuliza swali moja tu: siku ile nilimwambia yule mgeni nini. Nikasema nilimwambia yote. Akarudi kuchambua maharagwe. Tangu hapo alioga peke yake, mlango umefungwa.

Miaka mingi baadaye, kwenye harusi, Shangazi alinieleza bila haya kwamba barua ya mkwe wake ya kuomba kazi ilikuwa imefika kanisani kabla punda hajanasa. "Tulikuwa tunatafuta tu sababu," akasema, akichukua chapati ya tatu. Kumbe hakuna aliyeogopa shetani. Utotoni niliamini kwamba angalau nilitumikia dini, na kumbe nilimtafutia kazi mtu asiyejua kupima fremu. Nawadharau wote saba mpaka leo, na wale waliokwisha kufa siwapunguzii.

Lakini fungu kubwa la dharau yangu nalihifadhi kwa yule msichana wa miaka kumi niliyekuwa. Susu alifariki nikiwa kidato cha pili, nami nilikuwa miongoni mwa waliomwosha. Nilihesabu safu: kumi na moja. Naweza kuwaambia tu kwamba kidole chake kilianzia ya juu, na kwamba alipofika ya mwisho sauti yake ilishuka sana. Alichosema hapo nilikisikia kwa masikio haya, kwa lugha ya mama yangu, neno kwa neno, na sikushika hata moja.