Kicheko cha Clarice Redioni

Jioni za Alhamisi mtaa wetu wote ulikuwa na sauti moja. Ungetoka dukani na kapu lako, ukapanda kilima hadi mlango wa mwisho, usipitwe na neno hata moja la kipindi, kwa sababu kila nyumba ilikuwa imewasha redio, na vicheko vilitoka madirishani kwa pamoja. Saa hizo nilipenda kutembea polepole. Nilikuwa naota niko macho, napita katikati ya kicheko cha watu ninaowajua wote kwa majina.

Nyumba iliyopakana na yangu ilikuwa ya Clarice Hargreaves na mumewe, Wilf. Kuta za Burnley, mji wetu wa viwanda vya pamba huku Uingereza, ni nyembamba na hazina adabu, kwa hiyo niliwasikia. Kicheko cha Wilf kilitangulia, kikakatishwa na kikohozi. Cha Clarice kilifuata nyuma kidogo, na kila mara kilikuwa nyuma. Mimi peke yangu nilijua sababu, na nilikuwa nimemwapia kwamba sitaisema.

Clarice alikuwa hasikii. Hakuzaliwa hivyo. Alianza kufuma vitambaa kwenye kiwanda chetu akiwa na miaka kumi na mitatu, na mwaka huu ninaousimulia, 1953, alikuwa na hamsini na sita. Weka mashine mia nane kwenye ukumbi mmoja, ziwashe miaka arobaini, uone masikio ya nani yatabaki. Mle ndani hatukuongea kwa sauti. Tuliongea kwa midomo, tukilitanua kila neno hadi lionekane ng'ambo ya ukumbi, na hivyo ndivyo tulivyosengenya, tulivyogombana na kupatana. Vumbi la pamba lilielea hewani, mwanga ukashuka kutoka vioo vya paa, na watu wapatao mia tatu wakazungumza bila sauti. Ukitazama sana ulisahau uko wapi. Na hapo Clarice alitushinda sote. Aliusoma mdomo wa mtu aliye mashine ishirini mbali, na kama ulikuwa unamsema yeye, shauri yako.

Shida ilikuwa nyumbani. Wilf alikuwa mchimba makaa ya mawe hadi mapafu yalipomshinda, akawa mtu wa kiti, moto na redio. Tena alikuwa na masharubu. Yalianzia puani yakafunika mdomo wa juu wote na nusu ya ule wa chini, na aliyachana kwa kichana kidogo kila asubuhi tangu mwaka wa harusi. Siku moja nilimtania.

"Wilf, tukikupeleka kiwandani kwetu utahesabiwa bubu. Nani atakusoma na hilo zulia mdomoni?"

"Zulia hili ndilo lililonipatia mke, jirani. Muulize mwenyewe."

Clarice alikuwa akimimina chai. Alimtazama mumewe, akatabasamu, akasema, "Ndiyo." Siku zile alikuwa akijibu ndiyo kwa kila kitu.

Nilimuuliza mara nyingi kwa nini asimwambie ukweli. "Shoga, ile saa ya redio ndiyo furaha aliyobaki nayo," alinijibu kwa midomo, kila mmoja wetu akiwa kwenye mashine yake. "Akijua sisikii, ataizima kwa ajili yangu. Wewe unamjua. Atakaa anaangalia moto mpaka afe." Basi kila Alhamisi alikaa pembeni yake, viti viwili vimeelekea redio, akimwibia jicho. Bega la Wilf likitikisika, naye anacheka. Nilimwona mjinga, na nilimpenda kwa ujinga huo.

Kisha siku moja Wilf alinikuta uani nikianika nguo.

"Ivy, nadhani mwenzangu amenichoka."

"Amekuchoka kwa lipi?"

"Namuuliza kama mguu wake umepona, ananiambia ndiyo. Namuuliza kama bado unauma, ndiyo vilevile. Tunakaa pamoja lakini hayuko. Hata redioni, anacheka tu kwa sababu mimi nimecheka. Unadhani sijaona?"

Nilianika shuka ambayo ilikuwa imeshakauka. Niliona uchungu kwa ajili yao wote wawili.

Mwezi wa tatu zikaja habari. Watu wa redio wangekuja kwenye kantini yetu, warushe kipindi chao cha mchana moja kwa moja kwa nchi nzima, na mchekeshaji angekuwa Teddy Lomas, yuleyule wa kipindi cha Alhamisi. Wilf alisimama kitini, jambo ambalo hakulifanya ovyo.

"Kaa mbele," alimwambia mkewe. "Ucheke kwa nguvu nikutambue. Nchi nzima itakuwa inamsikiliza Lomas. Mimi nitakuwa namsikiliza mke wangu."

Clarice alinitazama. Nikayarudia maneno yale kwa midomo nyuma ya mgongo wa Wilf, na nikamwona anabadilika rangi.

"Nikichelewa kucheka atajua," aliniambia kesho yake. "Hapa nyumbani ninalo bega lake. Kule nitaangalia nini?"

"Mdomo wa Lomas. Ukikwama, nitakufinya."

Siku yenyewe ilipofika, mashine zilizimwa saa sita na robo. Kimya cha kiwanda kinachozimwa mchana hukielewi mpaka usimame ndani yake. Kinashuka taratibu pamoja na vumbi la pamba, na watu wanatembea kama waliotoka usingizini. Tuliingia kantini kwenye harufu ya pai za viazi. Nyaya zilikuwa zimetandazwa kila mahali, na bwana mmoja kutoka London akatuonya kwamba kila neno la kipindi limeandikwa na kupitishwa na wakubwa, kwa hiyo mtu asipige kelele za ajabu. Meneja wetu, Bwana Cronshaw, alikaa mbele kabisa na suti mpya na nywele zake. Nywele hizo zilikuwa wigi. Kiwanda kizima kilijua, na hakuna aliyewahi kulitaja neno hilo kwa sauti.

Taa nyekundu ikawaka, ishara kwamba tuko hewani. Lomas akasimama mbele ya kipaza sauti, na nikaona tumekwisha. Chombo kile kilikuwa kikubwa, na kilisimama mbele ya mdomo wake barabara.

Nikaanza kufinya. Nilifinya kwenye mzaha wa kwanza, Clarice akacheka, akachelewa kidogo. Kwenye wa pili nami nilikuwa nacheka, nikasahau, na alipocheka yeye, wengine walikuwa wameshanyamaza. Mtu akageuka kumtazama. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, na aliendelea kutafuta mdomo wa yule mtu, akiinama huku, akiinama kule.

Baadaye tulisikia kwamba mama yake Lomas alikuwa mfumaji wa Oldham, mji mwingine wa pamba. Huenda ndiyo sababu alizijua shingo zinazoinama vile. Alimwona. Akanyamaza katikati ya sentensi, akasogea hatua moja pembeni ya kipaza sauti, akatutazama, na kwa midomo mitupu, kwa ustadi wa kwetu hasa, akasema:

"Yule bwana wa mbele. Nywele zake zimefumwa hapahapa, au ameagiza?"

Nchi nzima ilikuwa kimya. Kwenye kimya hicho Clarice akacheka. Hakikuwa kile kicheko cha nyuma nilichokizoea ukutani. Hiki kilianzia tumboni, kikapanda, kikaishia kwa mlio mwembamba wa msichana, na kwa sekunde mbili kilikuwa peke yake hewani kutoka Burnley hadi baharini. Ndipo sisi wengine tukaangua. Bwana Cronshaw, ambaye hakujua kusoma midomo, alipiga makofi kwa furaha. Bwana wa London alikuwa akipekua karatasi zake akitafuta mzaha uko ukurasa gani.

Jioni tulirudi pamoja, Clarice amenishika mkono na kutembea kwa madaha.

"Atakuwa amenisikia, Ivy. Amenisikia vizuri kabisa."

"Amekusikia," nilisema, na hapohapo nikaelewa Wilf alikuwa amesikia nini. Alikuwa amesikia kimya, kisha mkewe. Mwanamke ambaye nyumbani hucheka wa mwisho alikuwa amecheka wa kwanza, kwa neno lisilo na sauti. Wilf hakuwa mtu wa kushindwa kujumlisha hayo na kupata jibu: mkewe anasoma midomo, hasikii. Sikumwambia Clarice. Nilimsindikiza hadi mlangoni kwao.

Redio ilikuwa imezimwa. Vile viti viwili vilikuwa vimegeuzwa, vinatazamana. Kwenye kimoja alikaa mtu ambaye kwa muda mfupi nilimdhania ni ndugu yake Wilf. Masharubu hayakuwepo. Ngozi iliyokuwa chini yake ilikuwa nyeupe, imekatwa na wembe mara mbili, kipande cha gazeti kimebandikwa juu ya damu. Chini ya hapo kulikuwa na mdomo mdogo, wenye haya, ambao Clarice hakuwa ameuona kwa miaka thelathini.

Clarice alisimama na koti lake bado mwilini.

Wilf alikionyesha kiti cha pili. Kisha akautanua mdomo bila sauti, vibaya sana, na hata mimi mlangoni nilimsoma.

"Alisema nini yule bwana? Nchi nzima haijui. Niambie wewe."

Clarice akakaa. Alilia kwanza, kisha akamwambia kwa midomo, akarudia, akarudia tena polepole, mpaka Wilf akaelewa na kuanza kukohoa kwa kicheko. Nikaurudisha mlango taratibu.

Alhamisi iliyofuata nilikaa kwangu, mgongo ukutani. Redio yao iliwashwa kama kawaida. Lomas akasema mzaha wake, na mtaa wote ukacheka, kutoka duka la kona hadi juu kilimani, isipokuwa nyumba ile. Nikangoja Wilf amalize kumsimulia mkewe kwa midomo. Wengine walipokuwa wameshanyamaza, nikawasikia wanacheka, wote wawili kwa pamoja.