Mitali ya Bi Zamzam

Siku yangu ya mwanzo kazini, skuli ya wasichana Ibra, huku Omani, mudira wetu, yaani mkuu wa skuli, Ustadha Jokha alinikabidhi funguo na kengele ya mkono. "Bi Mwanaisha, wewe sasa farasha. Mlango, kahawa, kengele. Masikio yako yabaki nje ya madarasa."

"Masikio hayana kifuniko, Ustadha."

Akacheka. Basi nyie vijana, haya ninayoyajua mengi niliyasikia mlangoni, maana mimi mwenyewe skuli sikukaa sana.

Mwalimu wa tarehe, yaani historia, alikuwa Abla Thuraya, abla ndiyo mwalimu wa kike, mzaliwa wa Unguja kama mimi. Mwaka ule alikuwa na mwanafunzi, Rayya binti Seif, hasemi. Si bubu, ila darasani mdomo haufunguki. Baba yake akaja kumtoa. "Akae bure kwa nini? Bora aolewe." Mudira akamwomba asubiri mpaka aje muwajjih, yule mkaguzi wa walimu. "Akisema mbele yake, mwachie. Asiposema, mchukue." Bwana Seif akakubali.

Somo la siku hiyo lilikuwa siasa za Amerika, karne ya kumi na tisa ikielekea kwisha. Abla alilieleza vizuri: wakulima wameweka mashamba yao rehani, ngano haina bei, madeni hayalipiki. Wakataka sarafu za fedha zipigwe kwa wingi, pesa ziwe nyingi, deni liwe jepesi. Wenye mabenki wakashikilia dhahabu tupu. Uchaguzi mzima ukawa ugomvi wa dhahabu na fedha. Abla akaligawa darasa: upande mmoja wavae dhahabu, wa pili fedha za mabibi zao.

Rayya akaja na mitali miguuni, ile ya fedha, mipana, yenye vijiwe ndani, ukitembea inalia. Nikamshika mlangoni.

"Ya nani hii?"

"Ya Bi Zamzam, bibi yake baba." Sauti ndogo hiyo.

"Si marehemu huyo? Mbona haikuyeyushwa?" Kwetu fedha ya maiti haivaliwi; hupelekwa kwa sonara ikayeyushwa, ikafuliwa upya.

"Mama kasema hii si kuvaa, ni somo tu."

Nilitaka kumvua, muwajjih akaingia na Bwana Seif nyuma yake. Nikabaki na birika la kahawa mkononi.

Abla akamwita Rayya. Akasimama. Mitali ikalia kabla hajainua mguu. Kisha akasema, kwa Kiswahili cha kizee cha mjini Unguja ambacho wasichana wa Ibra hawakijui, na sauti si yake:

"Hao wa Amerika nawajua. Mimi mitende yangu ilikwenda kwa bei khiari. Unauza shamba kwa khiari ya kulikomboa, muda ukipita umelikosa. Nilitia dole gumba pale nilipoonyeshwa. Kusoma sikujua." Akamgeukia baba yake. "Na wewe Kijogoo, huyu nae unataka asijue?"

Bwana Seif akakaa chini, sakafuni, kanzu nyeupe na vumbi lote lile. Hakuna aliyekuwa akimwita Kijogoo tangu Bi Zamzam azikwe. Muwajjih, mtu wa Sur asiyejua Kiswahili, akauliza, "Kasema nini?" Abla akamjibu kwa Kiarabu, "Kasema upande wa wakulima." Muwajjih akaandika: mumtaz, yaani bora kabisa.

Rayya alibaki skuli. Baba hakulitaja tena suala la kuolewa. Mitali aliibeba mwenyewe mpaka Nizwa, kwa sonara Mzee Nasser, nami nikafuatana nao. Mzee akaipasua kabla ya kuiyeyusha, akaikung'uta kiganjani, hakikutoka kitu. "Nani kakwambieni ina vijiwe? Mitupu hii." Ikayeyuka kama fedha yoyote.

Baadae nilihamishiwa Nizwa, chini ya mudira Asila, na huko ndiko nilikostaafia. Rayya alinikuta hukohuko, yeye sasa ndiye Abla wa tarehe, na darasani anasema mpaka kengele inamkatiza. Siku ile ya muwajjih haikumbuki hata neno. "Bibi, mimi nilisimama tu, kisha nikakaa."

Sasa nakaa nyumbani kwa mwanangu, jirani na skuli. Wasichana wakipita hunipa shikamoo. Juzi mmoja kabaki nyuma ya wenziwe.

"Bibi, leo Abla Rayya katusomesha wakulima wa Amerika. Eti, Abla huvaa nini miguuni, mbona akitembea panalia?"

"Viatu tu, mwanangu," nikamwambia. "Mlisikiliza lakini?"

"Tulisikiliza, Bibi. Nani angethubutu asisikilize?"