Amana ya Babu Kolya

Ile harufu ya vidonge vyeupe vya kuwekea kabatini, vya kufukuza wadudu wa nguo, wengine huwakumbusha sanduku la bibi. Mimi inanirudisha Naif, Dubai, ghorofa ya tatu, na papo hapo miguu huanza kuniwasha nisitulie. Chini ya jengo letu palikuwa na duka la makoti ya manyoya. Ndiyo, manyoya, katika mji ambao kiangazi ukiacha kandambili roshani unazikuta zimelegea! Mwenye duka alikuwa Mrusi, Madam Tanya, na mama yangu ndiye aliyemshonea bitana. Hata wali wetu ulinuka makoti.

Baba yake Madam Tanya, Babu Kolya, aliishi naye mlango kwa mlango nasi, ukuta mmoja. Katika Vita Vikuu vya Pili alikuwa fundi wa ndege za kivita za Kisovieti, na kazi hiyo ikampatia medali: duara la fedha, bunduki na upanga zimepishana, likining'inia kwenye utepe wa kijivu. Aliivaa kila siku, hata akienda kununua mkate. Watoto tulimcheka, wala hakujali. Kilichotushangaza zaidi ni kwamba mzee yule hakai. Ndege zilipita juu ya mapaa yetu mchana kutwa, na kila moja ilimwinua kitini.

Madam Tanya alinieleza siku moja, huku akipiga koti brashi. Vitani, alisema, ndege ni mali ya fundi, rubani anaazima tu. Ikisharuka, fundi hakai mpaka irudi. Na kabla haijaruka, baba yake alikuwa akimpa rubani kijiko chake cha kulia: nenda nacho, unirudishie. Mtu akiwa na kitu cha watu hujitahidi kurudi.

"Na wote walirudi?" nikauliza.

"Medali ni ya waliorudi," akajibu, akaendelea na brashi yake.

Basi nilipofika miaka minane nikaambiwa Bibi anaumwa Unguja, na mama anakwenda kumuuguza. Baba, aliyekuwa akifunga mizigo ya wafanyabiashara wa Dar, akachukua kamba zake akaenda kazini. Siku zile nyumbani kwetu watu wawili walizungumza kupitia kwangu. "Mwambie baba yako chakula tayari." "Mwambie mama yako nimeshiba." Mimi nikajiona mtu muhimu, wallahi.

Siku ya safari begi liko mlangoni, teksi inapiga honi, Babu Kolya akaingia bila hodi. Akabandua medali kifuani, akaikandamiza kiganjani mwa mama. Kiarabu chake kilikuwa cha sokoni, lakini neno moja alilijua sawasawa.

"Amana," akasema.

"Astaghfirullah, Babu! Nikiipoteza je? Sitaki!"

"Amana. Wewe rudisha. Khalas." Akamfunga vidole kimoja kimoja.

Mama akalitazama begi, akamtazama baba, kisha akaitia medali ndani ya pochi. Mimi hakunitazama.

Wiki zilizofuata sikutulia hata chembe. Siku ya kurudi ilifika ikapita. Nilikuwa na hakika ndege ya mama itaanguka baharini, na sikumwambia mtu. Kila alasiri nilipanda juu ya paa na Babu Kolya, yeye akitembea ukingo hadi ukingo, mimi nyuma yake, tukiinua shingo kila tuliposikia mngurumo. Shati lake lilibaki na vitundu vya pini tu. Baba akinunua kadi ya simu, mzee keshasimama mlangoni, ananisukuma bega: "Sema amana! Sema!"

"Mama, Bibi hajambo?"

"Bado bado, mwanangu."

"Babu Kolya anaulizia amana yake."

Mama akaniaga haraka haraka, akakata simu. Nilimchukia mzee yule! Mama yangu yuko ng'ambo, yeye anadai kidude chake. Nilimshtakia baba, na baba akasema tu, "Mwache aulize," akajigeuza ukutani.

Ramadhani ilikuwa inabisha hodi mama aliporudi. Aliupita mlango wetu, akagonga kwa Babu Kolya, akamkabidhi medali ikiwa imefungwa ndani ya leso. Mzee akaigeuza, akaisugua kwa kidole, akaibandika. Halafu akakaa. Alikaa juu ya begi la mama, palepale kwenye ujia, mikono magotini. Ndege ikapita, hakuinuka. Ikapita nyingine. Nikamrukia mama kiunoni, naye akanipapasa mbavu. "Mbona umekonda hivi, we mtoto?" Baba akatoka na glasi ya chai, akamwambia mwenyewe, bila kunituma mimi: "Kunywa, umechoka."

Bibi hakuwa akiumwa. Mama aliniambia nilipokuwa mkubwa, tunashona pamoja, uzi uko mdomoni. "Bibi yako mzima, anakuna nazi. Mimi nilikuwa nimeondoka, mwanangu, khalas. Wewe ningeagiza uletwe. Medali ya watu ningempa nani? Amana anairudisha aliyeipokea." Alikuja kuirudisha, basi. Tikiti ya kwenda zake Unguja kesho yake ilikuwa ndani ya begi lile.

Iliniuma, siwafichi. Kumbe kilichomrudisha mama si mimi! Nikanuna siku nzima. Kisha nikamkumbuka mzee na ule ukuta wetu mmoja, mwembamba, na yeye ujana wake wote aliupitisha akisikiliza injini. Hakuhitaji Kiswahili kujua nyumba yetu ilikuwa karibu kuzimika.

Siku ile nilidhani amekaa kwa kuwa ndege yake imetua. Madam Tanya alimwita kula, hakwenda. Mama akamwomba begi kwa adabu, yeye akajifanya kiziwi. Chai ikanywewa, ikaletwa nyingine, baba na mama wakakaa kizingitini wakaanza kuzungumza taratibu, mimi nikasinzia mapajani mwa mama. Mzee bado yupo, na tikiti ameikalia.