Nilimcheka Marehemu, Bwawa Likanyanyuka

Asubuhi ya Jumanne, bwawa la kuogelea la Anti Saroja lilitoka ardhini.

Sisemi maji. Nasema bwawa lenyewe, zege tupu. Upande wa kina kirefu ulikuwa umenyanyuka hadi kiunoni kwangu, mabomba yamekatika, vigae vimetapakaa kwenye majani.

Fundi wake ni mimi, Devan wa Isipingo, kusini kidogo ya Durban. Mtaani walinijua kwa kazi. Walinijua pia kwa mdomo.

Bwawa lile alilijenga marehemu mumewe, Anko Logan, dereva wa basi. Alilichimba mwenyewe kila Jumapili kwa miaka miwili. Kuta zimepinda, ngazi hazilingani. Nililicheka tangu siku ya kwanza. Dereva wa basi na zege wapi na wapi?

Anti hakujali. Magoti yake yalikuwa yamekwisha, na ni ndani ya maji yale tu alipoweza kutembea bila fimbo. Kila asubuhi, kabla ya chai.

Wakati wa baridi, ardhi ikiwa kavu, aliniita nipige plasta upya. Chini kabisa nikakuta kitundu chenye kifuniko cha plastiki. Nikamwita aje aone.

"Anti, mzee alisahau kuziba sakafu. Hii ni kazi ya fundi au ya panya?"

Akasema mumewe alikiacha makusudi, ila sababu haikumbuki. Nikamjibu kwamba wasiojua kazi huwa na makusudi mengi. Nikakijaza saruji, plasta juu yake, nikaondoka.

Mwezi wa kumi na moja mvua ikapiga siku tisa. Maji yakawa kijani kama mlenda, klorini ikashindwa. Jumatatu nikayavuta yote kwa pampu ili nisugue sakafu, nikaenda zangu nyumbani.

Kesho yake ndiyo hiyo Jumanne.

Nikaanza kumlaumu marehemu palepale. Zege jembamba, nondo za kubahatisha, kila kitu. Anti alinisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akanipa mchoro wa mumewe aliokuwa ameusaka tangu alfajiri. Pembeni ya kitundu yule dereva wa basi aliandika: "Pasizibwe. Bwawa likiwa tupu wakati wa mvua, maji ya ardhini yaingilie hapa. Yakikosa njia yatalibeba."

Nilisoma mara mbili. Miaka kumi na tisa nimejenga mabwawa ya mlimani kwenye ardhi kavu, hilo sikulijua. Fundi mzima!

Nikamwambia nitamjengea jingine bure.

"Logan hakujua kazi, mwanangu," akasema, "ndiyo maana aliuliza watu. Wewe ulimuuliza nani?"

Bwawa jingine hakulitaka.

Siku hizi Anti anasukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Tukikutana ananisalimia vizuri kabisa, na hilo ndilo linalonimaliza.

Ukikuta kazi ya mwenzio imekaa ajabu, uliza kwanza kwa nini aliifanya hivyo. Mimi niliona kuuliza ni kujishusha, na aliyelipa ni mama wa watu kwa miguu yake.