Bibi Alipokuja Kumkanda Neema

Usiku ule nililala sakafuni wodi ya watoto, kando ya kitanda cha binti yangu Neema. Ana ugonjwa wa selimundu, na safari hii maumivu ya mifupa yalikuwa yamegoma kabisa kupungua. Nilisali mpaka maneno yakaniishia. Usingizi ukanichukua mkono wangu ukiwa juu, kwenye mguu wake.

Mara niko jikoni kwa bibi, mzaa mama, aliyefariki kabla sijaolewa. Kitanda cha wodi kiko palepale kando ya mafiga, Neema juu yake. Bibi anaingia na sufuria ya maji ya moto, anaiweka chini, anamnyooshea mtoto mikono.

Kwetu tunajua: marehemu akimshika mgonjwa ndotoni, amekuja kumchukua. Nikajitupa katikati, nikamkemea kwa jina la Yesu.

Bibi akacheka. "Unanikemea mimi? Baba Yetu si nilikufundisha mimi?"

Nikasogea pembeni, lakini shuka la Neema sikuliachia. Bibi anachovya kitambaa, anakamua, anaanza kumkanda, anatoka unyayoni anapanda taratibu, akifika gotini anatulia hapo. Namkumbuka mjomba, mwanawe wa mwisho, mwenye ugonjwa huuhuu, alivyokuwa akikandwa hivyohivyo kila baridi ikiingia, mpaka alipotutoka. Nikamuuliza bibi kwa nini sisi. Kwa nini yeye bibi kwanza, na sasa mimi.

"Nami niliuliza," akasema. "Sikujibiwa. Ila mikono ilijifunza."

Jiko limekuwa wodi tena. Bibi ananipa kitambaa, kinafuka mvuke. Nataka kumuuliza kama Neema atapona, lakini tayari yuko kitanda cha jirani, amenipa mgongo.

"Na huyu je?" anauliza. "Mama yake hajui pa kushika."

Nikashtuka. Kumekucha. Kwanza nikaweka sikio kifuani kwa Neema. Anapumua. Akanung'unika kwamba namlalia, na mguu bado unamuuma. Nikamshukuru Mungu hata kwa kule kunung'unika.

Kwenye kitanda cha jirani kuna mtoto aliyeletwa jana, ugonjwa uleule. Mama yake, msichana tu, amesimama mikono iko hewani, anaogopa kumgusa mwanawe. Mtoto analia.

Nikachukua chupa ya chai, ina maji ya moto, na kitambaa changu. Nikamsogelea.

"Anza unyayoni, mama. Njoo nikuonyeshe."