Mlango wa Mashariki

Mdogo wangu Fermín aliziba mlango wa mashariki kwa marobota ya tumbaku, na baba yetu akafia nje. Kisha akawaambia watu kwamba mzee alikuwa amechanganyikiwa, amesahau kwamba upepo hurudi. Kosa la kwanza lilimuua baba mara moja. La pili linamuua kila Jumapili, watu wanapokaa dukani kwa Anselmo na kumtaja.

Baba yetu, Baldomero, alizaliwa humu bondeni, magharibi ya Cuba, na hakuwahi kumiliki ardhi. Alilima tumbaku ya mwenye shamba, na theluthi ya mavuno ikaenda kwa mwenye shamba. Hakuwa msemaji. Alikula muhogo wa kuchemsha na mafuta ya nguruwe, akanywa kahawa, akalala. Mama alipofariki akimzaa Fermín, mimi nilikuwa na miaka tisa. Baba alinipa mtoto akiwa amefungwa kwenye gunia la unga, akasema, "Casilda, huyu sasa ni wako." Shule sikuingia.

Kitu kimoja baba alikijua kuliko watu wote wa bonde, nacho ni banda la kimbunga. Kila mkulima huku analo. Halina kuta. Ni paa tupu lililoshuka mpaka chini pande zote mbili, nguzo zake zimezikwa kina cha kiuno cha mtu, makuti yamekazwa kwa kamba za magome, na upepo unapita juu yake bila kupata pa kushika. Wengi huweka mlango mmoja. Baba aliweka miwili, mmoja mashariki na mmoja magharibi, na sababu yake aliirudia mpaka tukachoka. Kimbunga huja na upepo wa mashariki, kwa hiyo utaingilia magharibi. Halafu jicho lake linafika, jua linawaka, kuku wanatoka. Halafu upepo unarudi, safari hii kutoka magharibi. Ukifungua mlango wa magharibi saa hiyo, upepo utaingia na kulibeba paa na watu wake. Utatumia ule wa mashariki.

"Mlango ulio mgongoni mwa upepo," alikuwa akisema. Watoto wa bonde walilijua neno hilo kabla hawajajua sala.

Katika kimbunga cha mwaka wa elfu moja mia tisa na kumi waliingia humo watu ishirini na watatu na mbuzi mmoja. Fermín alikuwa na miaka miwili, nilimpakata. Hakufa mtu. Tangu hapo, kila aliyetaka kujenga banda alimwita baba kwanza, naye alikwenda na kamba yake ya kupimia na hakutaka malipo zaidi ya kahawa.

Sasa Oktoba ya mwaka wa arobaini na nne. Fermín alikuwa hajauza mavuno. Wanunuzi walitoa bei ndogo, naye akasema atangoja. Marobota yalikuwa kwenye nyumba ya kukaushia, ambayo ni ndefu, na ndefu ndiyo huanguka kwanza. Mchana wa kuamkia kimbunga alianza kuyahamishia bandani. Baba alimkuta na robota begani.

"Rudisha."

"Baba, nafasi ipo. Tuko wanne tu, na wewe umo."

"Wanne ndio waliopo. Nani atagonga, hujui."

"Mzee wangu, kila mwaka unangoja wageni kama mwenye hoteli!"

Eduvigis, mke wa Fermín, alicheka. Baba naye alitabasamu kidogo. "Basi hoteli yangu hailazi tumbaku," akasema. Fermín akarudisha.

Upepo ulianza alfajiri, kutoka mashariki. Tulikaa mle gizani, mimi, baba, Fermín na wifi yangu, mpaka karibu adhuhuri. Ukakatika ghafla. Tulifungua mlango wa magharibi tukaona jua. Mitende ilikuwa imelala yote upande mmoja.

Baba akavaa kofia. Ng'ambo ya kijito aliishi Tiburcio, mzee mwenzake, mwenye mguu mbovu. "Namfuata Tiburcio," akasema. "Kwenda na kurudi nitawahi. Tutaingilia mashariki. Fermín, umenisikia?"

"Nimesikia, baba."

Alipovuka kijito, Fermín alikimbilia nyumba ya kukaushia. Nusu ya paa ilikuwa imeondoka lakini marobota yalikuwa makavu.

"Dada, njoo unisaidie. Haraka!"

Nilimsaidia. Yalikuwa kumi na tisa, manne nilibeba mimi. Tuliyaingizia magharibi na kuyasukuma mpaka mwisho wa banda, na mwisho wa banda ni mlango wa mashariki. Nilimwambia mlango unazibika. Akasema, "Tutayapanga vizuri yakishaingia yote." Yalipoingia yote, upepo ukarudi. Hatukupanga kitu. Tulifunga magharibi tukakaza kamba.

Haukupita muda, tukasikia kugonga nyuma ya marobota.

"Ni kuti," Fermín akasema.

"Kuti haligongi mara tatu likapumzika."

"Dada, nimesema ni kuti."

Nilivuta robota moja, nikavuta la pili. Akanishika mikono yote miwili. "Yataloa! Ukifungua pale yataloa yote, na paa litaondoka!" Paa lisingeondoka. Upepo ulikuwa wa magharibi. Alijua, maana mimi ndiye niliyemfundisha, na mimi nilifundishwa na baba. Eduvigis alianza kusali kwa sauti kubwa, kubwa kuliko inavyohitajika. Niliisikia sauti ya baba mara moja. Alisema, "Fermín." Kisha kugonga kukaisha.

Kutoka mlango wa mashariki mpaka wa magharibi ni hatua kumi na mbili. Baba hakwenda kuugonga wa magharibi. Angeugonga tungeufungua, na upepo ungetuchukua wote.

Tulimkuta jioni ameketi, mgongo wake umeegemea mlango wa mashariki, kichwa kimepasuliwa na ubao wa nyumba ya kukaushia. Fermín alimbeba. Majirani walipofika aliwaambia amemwokota kando ya kijito. "Aliona jua, maskini, akadhani yameisha," akasema. "Kichwa chake siku hizi kilikuwa kama cha mtoto." Eduvigis akaitikia. Mimi nilikuwa nachemsha maji ya kumwosha.

Nilisema baadaye, dukani, mbele ya watu. Anselmo aliendelea kupima mchele. "Dada Casilda," akasema, "nyumba ya marehemu huleta maneno kila mahali. Wewe na mdogo wako yamalizeni nyumbani." Fermín alinishika bega kwa upole. "Dada ana huzuni," akawaambia. "Msimjali."

Nilikwenda kwa Tiburcio. Yeye alipona, alilala chini ya gari lake la ng'ombe. Akaniambia baba alifika kwake na kumhimiza, "Inuka wewe kiwete, upepo unarudi kutoka magharibi, sisi tunaingilia mashariki." Tiburcio akagoma kuvuka kijito na mguu ule, baba akarudi peke yake.

"Mbona husemi hayo dukani, mzee?"

"Binti yangu, ng'ombe ninaolimia ni wa Fermín. Nikisema, utavuta jembe wewe?" Akacheka, kisha akatazama pembeni.

Marobota yaliuzika vizuri mwaka uliofuata. Naishi bado kwa Fermín. Nampikia maharage, nafua mashati yake, ananiita dada. Jioni wingu likikaa vibaya, wanawake wa bonde huwaita watoto wao ndani: "Njoo huku, usiwe Baldomero!" Watoto hucheka. Wale wadogo hawajui kama lilikuwa jina la mtu.

Marobota manne niliyobeba mimi nimeyasema kwa padri na nimeyasema dukani. Sehemu yangu imekwisha. Fermín anadaiwa maneno, ayaseme Jumapili kwa Anselmo, watu wakiwepo, kwa mdomo wake: "Baba alirudi kwa wakati, aligonga mlango uliopaswa kugongwa, nami nilimsikia." Tiburcio hawezi kumlipia, wala mimi. Ni deni la Fermín peke yake, na bado hajalilipa.