Karani wa Hapana

Katika ofisi ile ya ghorofa tatu, ambako lifti ilikufa zamani na mlango wake ukageuzwa kuwa ubao wa matangazo, hakukuwa na mtu aliyejua kukataa kama karani wa majibu. Kwa barua, yaani. Kwa mdomo alikuwa bure kabisa, na hilo ndilo lililomponza.

Kazi yake ilikuwa hivi. Watu waliandika kuomba ajira, uhamisho, nafasi ya masomo. Maombi yalipelekwa kwa Mkuu wa Utumishi, naye Mkuu hakuwa mtu wa maneno mengi. Alishika penseli nyekundu, akaandika herufi moja kwenye pembe ya karatasi, N kwa ndiyo au H kwa hapana, kisha akalitumbukiza ombi ndani ya jalada la kijani. Zile N zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Jalada likishuka kwa karani, yeye aliigeuza kila H kuwa barua, na barua zikipanda tena, Mkuu alizitia sahihi zote kwa mkupuo mmoja, simu ikiwa sikioni, bila kusoma hata mstari. Jambo hilo jengo zima lililijua, hadi walinzi wa getini.

Barua yenyewe karani aliitunga miaka ishirini nyuma, wakati bado ana nywele. "Ombi lako limesomwa kwa makini na kupokelewa kwa moyo mkunjufu," ndivyo ilivyoanza. Zikafuata sifa za mwombaji, mistari miwili, kila mtu na zake. Kisha, "Hata hivyo, kwa sasa haitawezekana." Na mwisho, "Tafadhali usisite kutuandikia tena." Ile "kwa sasa" ndiyo aliyojivunia kuliko yote. Panya huuma na kupuliza, nawe ukaendelea kukoroma huku kisigino kinakwisha. Wengi wa waliokataliwa walimwandikia kushukuru, naye alizihifadhi shukrani zao kwenye droo ya chini, pamoja na wembe na kipande cha sabuni.

Mmoja tu hakushukuru. Alikuwa mwalimu kijana aliyeomba nafasi ya kufundisha pale pale mjini. Alizipanda ngazi barua ikiwa mkononi, akauliza mbele ya watu, "Nani kaandika upuuzi mtamu hivi?" Karani akanyoosha kidole kama mtoto darasani. Mwaka uliofuata wakaoana. Lakini nafasi ilikuwa imekwenda, na bibi harusi alipata kazi mji mwingine, siku nzima na nusu kwa basi, akaishi huko miaka kumi na saba. Mume alikwenda mara mbili kwa mwaka, na binti yao alimpa chai kwenye kikombe cha wageni.

Kwa nini hakuhama? Swali zuri. Kila mwaka alipanda kwa Mkuu kuuliza, na kila mwaka Mkuu alimwambia, "Nisaidie mwaka huu tu, bwana." Naye alijibu neno lake moja, lile lililomla jina lake la kuzaliwa mpaka hakuna aliyelikumbuka: haina shida. Bwana Haina Shida. Mtu wa takwimu alimwachia ripoti za kupiga chapa, haina shida. Katibu muhtasi alimwachia simu na kwenda kusukwa, haina shida. Mwaka mmoja alikatisha likizo siku ya pili, akamwacha mkewe na homa, arudi kushika zamu ya mtu aliyesema kafiwa na shangazi. Shangazi yule alikufa mara tatu kwa miaka minne. Asante ya punda ni mateke, na huyu bwana alikuwa akigeuza mgongo apigwe vizuri.

Mwaka ule karani wa tawi la mji wa mkewe alistaafu. Kiti kikawa wazi. Mkewe alimpigia simu siku hiyo hiyo, na hakupandisha sauti.

"Safari hii usiende kuuliza kwa mdomo. Andika. Kwa wino. Shule zikifunguliwa mwakani hujafika, mume wangu, usije tena. Mimi nimechoka kuolewa na basi."

Akaandika. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliweka ombi lake mwenyewe kwenye trei ya maombi, kisha akasimama akilitazama mpaka mama mfagizi akamwomba asogeze miguu.

Mama mfagizi alikuwa na ulimi wa pilipili, na alijua mambo ya ofisi kuliko ofisi yenyewe, kwa kuwa watu husema ovyo mbele ya ndoo.

"Hawakuachii, baba," alimwambia. "Punda anayebeba mizigo ya watu sita, nani mjinga amfungue kamba? Tua mizigo yao kwanza. Wakuone huna faida, utaona wanavyokusindikiza."

"Nitawaambiaje, mama? Nikitaka kukataa ulimi unakuwa mzito."

"Si kwa wiki unawakataa watu mia? Chukua hiyo barua yako uisome kwa mdomo, basi!"

Akaanza kujifunza. Alifanyia mazoezi chooni, mbele ya kile kioo chenye ufa, na mama mfagizi akiwa nje ya mlango akimsahihisha. "Usiombe radhi! Umekosa nini?" "Usitazame chini, sakafu nimeshaipiga deki mimi." Jumatatu mtu wa takwimu alipoleta ripoti, karani alikunja mikono mapajani ili isiipokee yenyewe kwa mazoea, akasema, "Nimekusikiliza kwa makini, ndugu yangu, na nashukuru unavyoniamini. Takwimu zako hakuna anayezipanga kama wewe. Hata hivyo, kwa sasa sitaweza. Usisite kuniambia siku nyingine." Mtu wa takwimu akasema asante, akaondoka na ripoti yake, na alipofika kwenye ngazi ndipo akajiuliza alishukuru kwa lipi.

Katibu muhtasi naye akaambiwa kwamba sauti yake kwenye simu haina mbadala. Akarudi kitini akitabasamu, bila kusukwa. Yule wa shangazi akapewa pole nzito kiasi kwamba aliona haya kuendelea. Wiki sita karani aliishi kama mtu. Saa kumi juu ya alama alifunika mashine yake ya kupiga chapa na kwenda zake. Alinunua begi jipya lenye magurudumu, akaliweka sebuleni wazi, akawa anatia nguo moja moja. Alimpigia mkewe akamweleza, na mkewe akacheka, kicheko ambacho hakukisikia tangu binti yao ana meno ya utoto. Alifurahi mno. Namwonea huruma nikikumbuka alivyofurahi.

Habari zikamfikia Mkuu. Zisingekosa kumfikia. Akamwita juu, akampa kiti, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Nasikia siku hizi unawakataa watu usoni, na wanatoka wanashukuru," Mkuu alisema. "Mimi sikujua una kipaji hicho. Unajua lile dirisha la malalamiko pale chini? Waliokaa pale wote wametukanwa, mmoja alitupiwa kiatu. Nimeamua nikuweke wewe. Barua utaendelea nazo mchana."

Karani aliona begi lake la magurudumu machoni pake. Akavuta pumzi, akakunja mikono mapajani. Ile ilikuwa saa yake, na aliijua.

"Mkuu, nimekusikiliza kwa makini, na nashukuru kwa imani yako. Hakuna kiongozi anayewaona watu wake kama wewe. Hata hivyo, kwa sasa sitaweza. Nimeomba uhamisho, na..."

Mkuu akapiga meza kwa kiganja, akicheka hadi machozi. "Ndiyo hiyo! Hiyo hiyo! Sikia anavyoiimba! Nimekwambia mimi, huyu atawalaza watu pale chini. Anza Jumatatu."

"Mkuu, mimi nilikuwa nasema kweli."

"Na ndiyo maana inaingia!" Mkuu alisema, akainua simu yake iliyokuwa ikilia, na kwa mkono mwingine akamwonyesha mlango.

Alikuwa na mapafu, alikuwa na mdomo, alikuwa na neno fupi la herufi sita ambalo hata mtoto wa miaka miwili hulipiga kelele siku nzima. Alisimama mlangoni akilitafuta, kwa ufupi wake, bila sifa wala shukrani. Akasema, "Haina shida."

Kesho yake jalada la kijani lilishuka na ombi lake lilikuwa la nne kutoka juu. Mwandiko wake mzuri, wino wa buluu, na kwenye pembe H nyekundu, imeandikwa kwa haraka hata mguu wake mmoja haukufika chini.

Mama mfagizi aliiona kabla karani hajaifunika. Akaweka ufagio ukutani, akafunga mlango.

"Andika ndiyo," alinong'ona.

"Mama!"

"Mama nini? Hasomi! Hajawahi kusoma! Andika umekubaliwa, iweke katikati ya nyingine, aitie sahihi, upande basi. Akija kugundua utakuwa unakunywa chai na mkeo. Nani atakurudisha, na barua ina sahihi yake?"

Karani alitia karatasi kwenye mashine. Mama mfagizi alisimama nyuma yake, mkono begani mwake, kama mtu anayemfundisha mtoto kutembea. Karani akaandika tarehe. Akaandika jina lake la kuzaliwa, akalitazama kidogo kama jina la mgeni. Akaandika, "Ombi lako limesomwa kwa makini na kupokelewa kwa moyo mkunjufu." Hapo barua ingeweza kwenda kokote. Vidole vikasimama. Kisha vikaendelea vyenyewe, kwa mazoea ya miaka ishirini, vikaandika sifa: kwamba ni mtumishi mwaminifu, asiyechoka, ambaye ofisi haiwezi kumfikiria mtu mwingine mahali pake. Hata hivyo, kwa sasa. Mama mfagizi akaondoa mkono begani. Karani aliisoma barua, akaona "asiyechoka" inajirudia kwenye mstari wa chini, akaifuta na kuandika "mvumilivu".

"Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole," alisema mama mfagizi. Akachukua ufagio wake, na hakumsemesha tena hadi alipostaafu.

Mkuu aliitia sahihi pamoja na nyingine thelathini na moja, akiongea na mtu kuhusu matairi.

Siku hiyo saa kumi na dakika tano karani alimpigia mkewe kwa simu ya ofisini. Alisikia nyuma ya mkewe watoto wa shule wakipiga kelele na mtu akigonga kengele. Akamweleza yote, hata ya penseli, hata ya barua. Hakumficha aliyeipiga chapa.

"Naomba mwaka mmoja tu," akamaliza. "Mmoja, mke wangu. Nakuomba."

Kengele ikanyamaza. Mkewe alipozungumza, sauti ilikuwa laini, ya mtu anayesoma kitu alichokihifadhi moyoni muda mrefu.

"Ombi lako limesomwa kwa makini," alisema, "na kupokelewa kwa moyo mkunjufu. Wewe ni mtu mwema. Hujawahi kunifokea, hujawahi kumfokea mtu yeyote. Hata hivyo, haitawezekana."

Karani akangoja. Yeye mwenyewe ndiye aliyeitunga ile barua, na alijua mahali ambapo neno limerukwa. Aliubana mkono wa simu sikioni akingoja ile "kwa sasa", na baada yake ile ya kuambiwa asisite kuandika tena. Upande wa pili kulikuwa na pumzi, na watoto, na kiti kikisogezwa.

"Asante," akasema.